Akipenda, Chongo Huita Kengeza: Maneno ya Mitaani na Heshima ya Watu Wenye Ulemavu

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba akipenda, chongo huita kengeza. Kwa kawaida methali hii hutumiwa kumsuta mtu asiyetaka kukiri kasoro ya ampendaye. Hata hivyo, ndani yake mna hoja nzito ya isimujamii. Jicho linalozungumziwa ni lile lile. Kilichobadilika ni jina lake, na jina limebadilika kwa sababu ya uhusiano uliopo kati ya anayeita na anayeitwa. Wazee wetu, basi, walitambua zamani kwamba majina ya hali za mwili hayatoki mwilini peke yake. Hutoka pia moyoni mwa msemaji.

Makala haya yanachunguza mjadala unaozidi kupamba moto miongoni mwa wasemaji wa Kiswahili: je, maneno ya kila siku kama vile chizi, kichaa, bubu, kipofu, kiziwi, kilema na zeruzeru yanawadunisha watu wenye ulemavu, au ni maneno tu kama maneno mengine? Mjadala huu una pande mbili. Upande wa kwanza unashikilia kwamba maneno haya ni matusi yaliyofichwa katika mazoea, na kwamba yafaa yaondolewe katika mazungumzo. Upande wa pili unajibu kuwa lugha ni mali ya umma, kwamba anayesema "jamaa huyu ni chizi" hana mgonjwa yeyote akilini, na kwamba kuchuja kila neno ni kuifunga lugha pingu.

Mjadala huu hauhitaji kutafutwa mbali. Bura, katika Kaunti ya Taita Taveta (si Bura ile ya Tana River), iko kando ya barabara itokayo Voi kupitia Mwatate kuelekea Taveta. Huko Kidawida cha nyumbani, Kiswahili cha shuleni na Sheng ya matatu hukutana katika kinywa kimoja. Makanga humwuliza abiria aliyechelewa kuteremka kama amekuwa kiziwi. Kijana humsifu mwenzake kwa kumwita chizi. Mzazi humkemea mtoto aliyejikwaa kwa kumwuliza kama ni kipofu. Katika matatu hiyo hiyo huenda ameketi mtu ambaye hasikii kweli, au mama anayemlea mtoto asiyeona.

Suala hili lina uzito wa kisheria pia. Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa utu na heshima, na haki ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdunisha. Ni nadra katiba kuingia katika uwanja wa uteuzi wa maneno, lakini hii imeingia. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, Wakenya 918,270 wenye umri wa miaka 5 na zaidi walikuwa na ulemavu, yaani asilimia 2.2 ya watu wa umri huo. Hao ndio ambao kifungu hicho kinawahusu moja kwa moja. Swali linalobaki kwa wanaisimu ni hili: namna "isiyodunisha" inatambuliwaje katika Kiswahili?

Hoja ya ngeli

Hoja inayotajwa mara nyingi ni ile ya ngeli. Husemwa kwamba majina kama kipofu, kiziwi, kiwete, kilema, kibyongo na kichaa yamewekwa katika ngeli ya KI-VI, pamoja na kiti, kisu na kijiko, na kwamba kwa hivyo lugha yenyewe imewashusha watu hawa hadi daraja la vitu. Hoja hii inavutia, lakini haina budi kupimwa.

Kwanza, kiambishi ki- kina kazi nyingi. Kiongozi, kijana, kinyozi na kiranja ni watu, na hakuna anayedai kwamba kiongozi ameshushwa hadhi kwa kubeba ki-. Kiambishi hicho hicho ndicho kinachobeba majina ya lugha zetu, Kiswahili na Kidawida. Pili, upatanisho wa kisarufi katika Kiswahili sanifu huwarudisha watu hawa katika kundi la viumbe hai. Husemwa "kipofu huyu amefika", wala si "kipofu hiki kimefika", kama ambavyo husemwa "kiongozi huyu amefika". Tatu, yapo majina ya ngeli ya A-WA yenye kiambishi m- ambayo hutumiwa kama matusi makali: mwendawazimu na mkoma ni mifano. Kama ngeli ndiyo ingekuwa chanzo cha dharau, majina haya yangekuwa salama.

Hata hivyo, hoja ya ngeli haifai kutupwa yote. Dharau ya kisarufi ipo, ila makao yake si kiambishi cha nomino bali ni upatanisho. Kiswahili huruhusu msemaji kumdunisha mtu kwa kumpa upatanisho wa KI-VI kwa makusudi, kama katika "kijitu hiki kimekuja tena". Msemaji anayesema "kilema hiki kimetuchelewesha" amemvua mtu utu kwa viambishi viwili, na kila msikilizaji anajua alichokusudia. Hapo sarufi imefanya kazi ya tusi.

Iko hoja nyingine yenye nguvu kuliko ile ya ngeli. Baadhi ya maneno haya hutaja hali na mtu kwa wakati mmoja. Kilema ni dosari ya kiungo, na pia ni mtu mwenye dosari hiyo. Kibyongo ni nundu ya mgongoni, na pia ni mwenye nundu. Chongo ni hali ya jicho, na pia ni mwenye jicho hilo. Mtu amemezwa na kiungo chake kimoja. Anaweza kuwa mwalimu, mkulima wa mahindi na baba wa watoto watatu, lakini neno linamtambulisha kwa mguu tu. Hii ndiyo sababu ya msingi iliyofanya "mtu mwenye ulemavu" lipendelewe kuliko "kilema": muundo huu unamtanguliza mtu, kisha hali yake.

Maana inapopauka

Watetezi wa maneno ya mitaani wana hoja ambayo wanasemantiki wanaifahamu vyema, nayo ni kwamba maana za maneno hubadilika na kupauka kwa matumizi. Neno chizi ni mfano ulio wazi. Maana yake ya awali ni mtu mwenye ugonjwa wa akili. Katika lugha ya vijana, hasa Tanzania, mchizi amekuwa jamaa yeyote, na "machizi wangu" ni marafiki wa karibu. Nchini Kenya kitenzi kuchizi hutumiwa kwa mtu aliyepandwa na furaha au hasira. Kichaa nalo limekuwa kivumishi cha sifa: muziki unaweza kuwa kichaa, maana yake unasisimua kupita kiasi. Katika matumizi haya mgonjwa hayupo tena, na kumshutumu kijana anayemwita rafiki yake mchizi ni sawa na kumshutumu kwa jambo asilolitenda.

Hoja hii ni ya kweli kwa kiasi chake. Kasoro yake ni kwamba maana mpya haifuti ya zamani. Mbili huishi bega kwa bega. Neno lile lile linalomsifu mwanamuziki jioni ndilo linalomfukuza mgonjwa sokoni asubuhi. Ushahidi mzuri uko katika majina ya hospitali. Mathari jijini Nairobi, Mirembe mjini Dodoma na Kidongo Chekundu kisiwani Unguja ni mahali ambapo watu hutibiwa. Katika mizaha ya mitaani, majina hayo yamekuwa njia ya kumwambia mtu kwamba hana akili timamu: ametoroka Mirembe, apelekwe Mathari. Mzaha huu unaonekana mdogo hadi pale mtu anapohitaji matibabu kweli. Je, atakwenda kwa hiari mahali ambapo jina lake ni tusi? Familia ngapi zitaona heri kumficha mgonjwa ndani kuliko kumpeleka hospitali ambayo jirani akiisikia atacheka? Hapa neno halijabaki neno. Limekuwa kizuizi mlangoni.

Vile vile, istilahi za kitabibu zenyewe hazinusuriki. Mtindio wa ubongo ni istilahi inayotumiwa na wahudumu wa afya na katika elimu maalumu. Mitaani imechukuliwa na kugeuzwa tusi, ikaungana na taahira, punguani na zezeta. Kwa hiyo, kubadilisha neno bila kubadilisha mtazamo ni kama kuchota maji kwa pakacha. Neno jipya likiingia katika jamii inayodharau, halichukui muda mrefu kabla ya kuvaa dharau ile ile.

Sitiari za magazeti na ofisi

Si lugha ya vijana tu inayoazima kutoka kwa ulemavu. Lugha rasmi nayo huazima, na huenda huazima zaidi. Bandari ambazo hazikusajiliwa, ambazo kwazo bidhaa huingizwa kimagendo, huitwa bandari bubu. Serikali isiyotoa jibu husemwa kuwa imepata kigugumizi. Uchumi dhaifu huchechemea. Chombo cha kuwekea akiba chenye tundu dogo huitwa kibubu, kwa kuwa hupokea na hakisemi.

Je, maneno haya yote yaingizwe katika orodha moja na yale ya kutukana? Busara inataka yatofautishwe. Kibubu ni jina la chombo, na chimbuko lake limesahauliwa na wengi wanaokitumia; hakuna mtu anayelengwa. Bandari bubu ni msamiati uliozoeleka kabisa katika taarifa za forodha. Kwa upande mwingine, sitiari ya kigugumizi ina dosari ya mantiki. Mwenye kigugumizi anataka kusema na ana la kusema, ila ulimi unamkwamisha. Kiongozi anayekwepa swali ana ulimi mwepesi lakini hataki kusema. Sitiari hii inamfananisha mtu mwaminifu na mkwepaji, na anayepunjwa katika mlinganisho huo si kiongozi. Mwandishi makini anaweza kusema tu kwamba serikali imekwepa swali. Ni sahihi zaidi, na ni fupi zaidi.

Kwa hiyo tatizo la baadhi ya sitiari hizi si adabu pekee, bali ni ukweli pia. Jambo hili hujitokeza wazi katika neno bubu linapotumiwa kwa viziwi. Kwa muda mrefu viziwi wameitwa mabubu kana kwamba hawana lugha. Ilhali wanayo. Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya kinaitaka serikali kuikuza Lugha ya Ishara ya Kenya, na kifungu cha 120 kinaitambua kuwa mojawapo ya lugha tatu rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Mtu ambaye lugha yake ni lugha rasmi ya Bunge hawezi kuitwa asiyesema. Anayemwita bubu amekosa heshima, na juu ya hayo amekosea.

Neno linapotangulia panga

Wapo wanaosema kwamba mjadala huu ni anasa ya wasomi, na kwamba neno halivunji mfupa. Historia ya karibuni ya Afrika Mashariki inakataa. Kuanzia takriban mwaka 2006, na kwa wingi zaidi miaka miwili iliyofuata, watu wenye ualbino nchini Tanzania, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, waliuawa na kukatwa viungo kwa imani za kishirikina kwamba viungo hivyo huleta utajiri. Wakati huo, mbali na jina la zamani la zeruzeru, mitaani palizuka jina jingine: dili. Mtu mwenye ualbino alipita njiani akaitwa dili, yaani biashara, yaani fedha inayotembea. Hakuna haja ya kudai kwamba neno hilo ndilo lililoua. Yatosha kuona kwamba liliwaandaa wasikilizaji kumwona binadamu kama bei, na kwamba waliocheka waliposikia hawakujiona kuwa washiriki.

Mabadiliko ya msamiati uliofuata hayakuwa ya urembo. Neno albino lilichukua mahali pa zeruzeru katika habari nyingi, kisha "mtu mwenye ualbino" likachukua mahali pa albino. Ualbino ukaelezwa kuwa ni hali ya kurithi ya upungufu wa rangi mwilini, ambayo mtoto huipata kwa wazazi wote wawili. Watu wenyewe wakaonekana katika nafasi za uongozi: Al-Shaymaa Kwegyir aliteuliwa kuwa mbunge Tanzania mwaka 2008; Salum Khalfani Bar'wany alichaguliwa na wapiga kura wa Lindi Mjini mwaka 2010; nchini Kenya, Isaac Mwaura aliingia Bungeni mwaka 2013, na Mumbi Ngugi akawa jaji. Umoja wa Mataifa uliiteua tarehe 13 Juni kuwa siku ya kimataifa ya uhamasishaji kuhusu ualbino, ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2015. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 iliwahesabu watu wenye ualbino kwa mara ya kwanza, wakawa 9,729. Kuhesabiwa kwa jina lenye heshima ni kinyume cha kuitwa dili.

Tafsida na mipaka yake

Je, dawa ni tafsida? Kiswahili kina utamaduni mkubwa wa tafsida, nao umesaidia katika mengi. Lakini tafsida inaweza kudhuru kuliko neno inalolificha. Mfano ni "wasiojiweza", neno linalotumiwa kwa upole katika hotuba na harambee. Kilema, pamoja na ukali wake, hutaja kiungo kimoja. Asiyejiweza anahukumiwa mwili na akili kwa pamoja: hawezi chochote. Fundi viatu anayetumia kiti cha magurudumu, na ambaye kazi yake inawasomesha watoto wake, anaitwa asiyejiweza na mtu ambaye huenda anampelekea viatu avishone.

Njia bora ni kuwasikiliza wenyewe. Majina ya vyama vyao yanafundisha mengi. Nchini Tanzania kipo Chama cha Viziwi, CHAVITA. Viziwi hawakulikimbia neno kiziwi, kwa kuwa kwao linataja jamii yenye lugha na utamaduni wake. Wasioona walijiita Chama cha Wasioona. Shirikisho la vyama hivi vyote, SHIVYAWATA, limechagua "Watu Wenye Ulemavu" katika jina lake, ilhali chama kimojawapo cha awali, CHAWATA, kilijiita cha "Walemavu". Hakuna kanuni moja hapa. Kundi moja limelishika neno la zamani na kulisafisha. Jingine limeunda jipya. Lililo sawa katika yote ni kwamba jina limetoka kwa mwenye jina.

Vigezo vya kupima

Kutokana na mjadala huu, vinapendekezwa vigezo vinne vya kupima neno kabla ya kulilaani au kulitetea.

Kwanza, mlengwa: je, neno linamlenga mtu, au limekwisha kuwa jina la kitu kama kibubu? Pili, ukweli: je, linachosema kuhusu ulemavu ni sahihi, au kinapotosha kama bubu kwa mtu mwenye lugha ya ishara? Tatu, uteuzi: je, wahusika wenyewe hulikubali, kama viziwi wanavyolikubali kiziwi, au hulikataa, kama watu wenye ualbino wanavyolikataa zeruzeru? Nne, athari: je, likisemwa mbele ya mhusika, litamfungia mlango wa shule, wa hospitali au wa kazi?

Kwa vigezo hivi, mchizi kati ya marafiki hupita kwa urahisi, ingawa lingefaa kuepukwa mbele ya familia inayouguza. Kumwuliza abiria kama ni kiziwi huanguka katika kigezo cha kwanza na cha nne, kwa sababu uziwi umefanywa kuwa kosa la kukemewa. Kuitaja hospitali ya akili kwa mzaha huanguka katika kigezo cha nne. Zeruzeru na dili huanguka katika vyote.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba si kila neno la mitaani linalotokana na ulemavu ni tusi, na kwamba si kila neno la upole ni heshima. Yameonyesha pia kuwa lawama inayotupiwa ngeli ya KI-VI imepita kiasi, na kwamba dharau hukaa zaidi katika upatanisho, katika kumfananisha mtu na kiungo chake, na katika sitiari zisizopimwa.

Kazi inayobaki iko mikononi mwa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili. Watunzi wa kamusi wanaweza kuyawekea maneno kama zeruzeru, taahira na punguani alama ya kuonyesha kwamba yanadunisha, badala ya kuyaacha yasimame kama majina ya kawaida. Walimu wa sarufi, wanapofundisha upatanisho, wanaweza kutumia "kipofu huyu" kueleza kwamba hapa sarufi inalinda utu wa mtu. Wanafunzi wa isimujamii wa Bura, Voi, Wundanyi na kwingineko wanaweza kukusanya maneno ya Kidawida yanayohusu ulemavu, wakiwauliza kwanza wanaoitwa kwa maneno hayo.

Wapo watakaojitetea kwa methali isemayo akutukanaye hakuchagulii tusi. Ni kweli kwamba mwenye hasira hachagui. Lakini mwanafunzi wa lugha kazi yake ni kuchagua. Na kama upendo uliweza kuliita chongo kengeza, basi hata heshima isiyo na upendo wowote inaweza kumwita mtu mtu.